Hospitali Inayoitwa Russia

Mtu asiyeujua mji wa Kisumu, akipanda matatu iendayo upande wa Kondele kwa barabara ya Kakamega, aweza kustaajabu amsikiapo mama mwenye mtoto mgonjwa akimwambia kondakta, "Nishushe Russia." Mgeni huyo akitazama dirishani hataona theluji wala majumba ya Moscow. Ataona lango la hospitali, watu wengi waingiao na watokao, na kibao chenye jina refu la Kiingereza, ambalo kwa Kiswahili ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga. Kabla ya jina hilo iliitwa Hospitali Kuu Mpya ya Mkoa wa Nyanza. Walakini mkulima wa Kano, mvuvi wa Dunga na karani wa mjini hawana haja ya majina hayo marefu. Kwao ni Russia tu, na mtu aliyezaliwa humo husema, "Nilizaliwa Russia," wala hakuna amchekaye.

Majina yaandikwayo vibaoni hutolewa na wakubwa, tena wakubwa huweza kuyabadili. Lakini jina litolewalo na watu wenyewe halibadiliki upesi, kwa maana ndani yake wameweka kumbukumbu yao. Katika jina hili Russia mna habari ya zawadi, mna habari ya ugomvi, tena mna habari ya damu iliyomwagika siku ambayo ilipasa kuwa ya furaha. Yafaa habari hizo zisimuliwe kwa utaratibu, ili vijana wapitao langoni mwa hospitali ile wapate kujua ni kitu gani walichorithi.

Hapo kale watu wa kando ya Ziwa Victoria walitibiwa nyumbani. Walikuwa na waganga wao wa mitishamba, wakunga wao na wazee walioijua mizizi. Maradhi mengi waliyaweza, na mengine hawakuyaweza, kama ilivyokuwa kwa mataifa yote ya dunia wakati ule. Kisha reli ikafika ukingo wa ziwa mwezi wa Desemba 1901, na mahali pale wageni wakapaita Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia kazi ya kutandaza reli. Nchi yote ya upande huo ilikuwa bado chini ya Uganda, hata tarehe 1 Aprili 1902 ikatiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye ikaitwa Kenya.

Siku zile zile ziwa lilikuwa limejaa msiba. Ugonjwa wa malale, uletwao na mbung'o, ulikuwa umeanza kuwaua watu wa Busoga na Buganda, na katika miaka michache waliokufa upande wa Uganda walizidi 200,000. Haukujua mpaka wa kiserikali. Uliingia pia pwani za Nyanza na visiwa vyake, na watu wa sehemu nyingine wakayahama makao yao ya karibu na maji. Tauni nayo ikazuka Kisumu katika miaka ya mwanzo ya mji, kwa kuwa penye maghala ya nafaka panya hawakosekani. Hivyo mji wa Kisumu ulizaliwa pamoja na maradhi, na kila mwenye akili aliona ya kuwa bandari na reli bila hospitali ni hatari kwa wenyeji na wageni sawasawa.

Lakini hospitali ilimfikia Mwafrika polepole. Katika koloni zima huduma ziligawanywa kwa rangi: Mzungu alikuwa na mahali pake, Mwasia pake, na Mwafrika pake, na fungu la Mwafrika lilikuwa dogo kuliko yote ingawa wagonjwa wake walikuwa wengi kuliko wote. Vijijini walioanza kazi ya matibabu walikuwa wamisheni. Marafiki, ambao wengine huwaita Makwekwa, walifika Kaimosi mwaka 1902. Wamisheni wa Kianglikana walijenga Maseno mwaka 1906, mahali pale panapopitiwa na mstari wa ikweta. Waadventista nao walifika ng'ambo ya ghuba mwaka huo huo wa 1906, wakakaa Gendia karibu na Kendu. Shule na dawa zilikwenda pamoja, na mara nyingi mtu aliyekwenda kutafuta moja alirudi na vyote viwili.

Wenyeji hawakuketi tu wakingoja kutibiwa. Mwaka 1921 vijana waliosoma walifanya mkutano mkubwa huko Lundha, wakaanzisha chama kilichojulikana kwa jina la Piny Owacho, yaani "Nchi imesema." Walilalamikia kodi, kipande na hali ya nchi kuwa koloni. Mwaka 1923 chama kile kikageuzwa, chini ya uongozi wa Archdeacon Walter Owen wa Maseno, kikawa chama cha ustawi wa walipa kodi wa Kavirondo. Wanachama wake walihimizwa kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Walikuwako waliosema kwamba kuhesabu panya ni njia ya kuwasahaulisha watu habari ya ardhi na kodi, na neno lao lilikuwa na haki yake. Hata hivyo choo kilichochimbwa kilizuia maradhi, na panya aliyekufa hakuleta tauni. Watu wa Nyanza walijifunza mapema kwamba afya ni kazi ya mwananchi mwenyewe, na tena ni deni ambalo Serikali inadaiwa.

Ndivyo mambo yalivyokuwa hata uhuru ukapatikana tarehe 12 Desemba 1963. Kisumu ulikuwa mji mkuu wa mkoa wenye watu wengi sana, na hospitali ya zamani haikutosha. Mgonjwa wa mbali alibebwa kwa machela ya miti, au kwa kitanda cha kamba mabegani mwa ndugu zake, au kwa mashua iliyongoja upepo. Akifika mjini, huenda akakuta wodi imejaa. Baba aliyeuza ng'ombe wake apate nauli ya kumleta mtoto aweza kusikitika sana akiambiwa kwamba hakuna kitanda. Kwa ajili ya watu kama hao hospitali mpya ilitakiwa, wala si kwa ajili ya sifa ya mtu yeyote.

Mwaka 1964 ujumbe wa Serikali ya Kenya ulikwenda Moscow, na Jaramogi Oginga Odinga alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Bwana Odinga alikuwa mzaliwa wa Sakwa huko Bondo, msomi wa Maseno, Alliance na Makerere, na mwalimu wa zamani. Baada ya vita alianzisha shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, mwaka 1947, ili watu wa kwao waweke akiba na kufanya biashara pamoja. Wakati wa safari ile alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, na mwisho wa mwaka akawa Makamu wa Rais. Katika mwaka huo huo nchi ya Kisovieti ilikubali kuisaidia Kenya kwa miradi kadhaa, na mmojawapo ulikuwa hospitali kubwa ya Kisumu, ambayo ilitolewa kuwa zawadi. Katika miradi ile, hospitali ndiyo iliyosimama hata ikaonekana na watu wote. Ilijengwa kando ya barabara ya Kakamega, nayo ilipokwisha ilikuwa na nafasi ya vitanda 200.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii huambiwa mgeni aletaye baraka nyumbani, kwa maana akija yeye hata mwenyeji hula vizuri. Kwa habari ya Kisumu methali hii yaweza kuchukuliwa neno kwa neno: mgeni alikuja na wenyeji wakapona. Lakini yafaa kukumbuka kwamba wageni wa siku zile hawakuja kwa upendo mtupu. Dunia ilikuwa imegawanyika pande mbili, upande wa Marekani na Uingereza na upande wa Wasovieti, na kila upande ulitafuta marafiki katika nchi zilizopata uhuru. Barabara, shule, ndege na hospitali zilitolewa kama vile mposaji atoavyo zawadi kwa wakwe. Mwenye kupokea zawadi ya namna hiyo huitumia kwa shukrani, lakini pia hujua kwamba yuko atakayemwuliza, "Umeipokea kwa nani, na kwa nini?"

Swali hilo ndilo lililoulizwa Kenya. Rais Jomo Kenyatta na Bwana Odinga walikuwa wamesimama pamoja wakati wa kudai uhuru, na Odinga ni miongoni mwa watu wa kwanza waliosema hadharani, wakati Kenyatta alipokuwa kifungoni, kwamba yeye ndiye kiongozi. Baada ya uhuru wakatofautiana juu ya ardhi, juu ya mali ya nchi na juu ya urafiki na mataifa ya Mashariki na Magharibi. Mwezi wa Machi 1966, katika mkutano wa chama cha KANU huko Limuru, cheo cha Odinga cha makamu wa rais wa chama kikagawanywa wakapewa watu wanane. Mwezi uliofuata akajiuzulu umakamu wa Rais wa nchi, akaongoza chama cha upinzani cha KPU. Hospitali ikawa inajengwa ilhali walioagana juu yake hawapatani tena. Matofali hayana chama, lakini watu walianza kuyatazama kana kwamba yanacho.

Kisha ukaja mwaka 1969. Tarehe 5 Julai, Tom Mboya, Waziri wa Mipango na mwana wa kisiwa cha Rusinga, alipigwa risasi akafa mchana katikati ya Nairobi. Alikuwa mtu wa KANU, tena alikuwa amepingana na Odinga kwa miaka mingi, lakini msiba wake uliwaunganisha watu wa Nyanza kwa uchungu na hasira. Majonzi hayo yalikuwa hayajapoa Rais alipopanga kuja Kisumu kuifungua hospitali rasmi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, tarehe 25 Oktoba 1969. Watu wengi sana walikusanyika. Odinga alikuwako. Wafuasi wa KPU walipaza sauti kumpinga Rais, na Rais akawajibu kwa maneno makali mbele ya umati, akimtaja Odinga waziwazi. Ghasia zikazuka, na askari waliomlinda Rais wakafyatua risasi juu ya watu. Risasi ziliendelea hata kwenye barabara ya kurudi, msafara ulipokuwa ukitoka mjini. Serikali ilitangaza kwamba watu 11 walikufa. Watu wa Kisumu na wengine waliochunguza jambo hilo wamesema tangu siku ile kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi. Tarehe 30 Oktoba chama cha KPU kikapigwa marufuku, na Odinga na viongozi wenzake wakatiwa kizuizini. Yeye alifunguliwa mwaka 1971. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa ripoti yake mwaka 2013, iliiandika siku ile katika kumbukumbu za nchi, ili isibaki kuwa mnong'ono wa wazee peke yao.

Hapa msomaji na atulie kidogo afikiri. Nyumba iliyojengwa ili watu wasife, watu walikufa siku ya kufunguliwa kwake. Kwa desturi za makabila mengi, nyumba yenye mkosi wa namna hiyo huachwa ikaota majani. Watu wa Kisumu wangeweza kusema, "Hospitali hii ina damu, hatutaiingia." Tena wangeweza kusema, "Ni ya Serikali iliyotupiga risasi," au, "Ni ya wageni waliotuletea ugomvi." Hawakufanya hivyo. Mtoto aliyeshikwa na homa usiku hangojei wakubwa wapatane, na mama mwenye uchungu wa kuzaa hana nafasi ya kuuliza ni nani aliyekata utepe. Waliumwa, wakaja. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa mabasi na kwa mashua. Na katika daftari la mapokezi karani aliandika jina, umri, mahali atokako mgonjwa na ugonjwa wake. Katika daftari lile hakuna safu ya kuandika chama.

Ndipo lilipoenea jina la Russia. Wengine wasioujua mji hudhani kwamba ni jina la mzaha. Laiti wangejua! Kwa jina hilo watu waliwakumbuka waliotoa zawadi, hata wakati ambapo haikuwa vyema kuwasifu. Kwa jina hilo pia waliepuka kuiita kwa jina la mtu yeyote katika wale wawili waliogombana. Miaka mingi baadaye, Odinga alipokwisha kufariki tarehe 20 Januari 1994, hospitali ikaja kupewa jina lake, na wengi wakaona ni haki. Lakini jina la Russia halikuondoka. Hata nchi ya Kisovieti yenyewe ilikoma mwezi wa Desemba 1991, ilhali jina la mmojawapo wa watu wake limebaki hai kando ya barabara ya Kakamega.

Yafaa sasa kutaja kazi ya hospitali kama hiyo, kwa kuwa wengi huilaumu bila kujua mzigo wake. Hospitali ya rufaa ni kama mto mkubwa upokeao vijito vingi. Mgonjwa huanzia zahanati ya kijijini, asipopata nafuu huenda kituo cha afya, kisha hospitali ya kaunti, na likishindikana huko hupelekwa Kisumu. Kwa hiyo Russia hupokea yaliyowashinda wengine: malaria iliyopanda kichwani, watoto wenye sikoseli ambao damu yao huwapunguka, wanawake waliokwama katika kuzaa, vijana waliovunjwa na pikipiki. Tena ni mahali pa mafunzo, ambapo kijana hujifunza uuguzi na udaktari mbele ya kitanda cha mgonjwa na mbele ya macho ya waliomtangulia.

Mzigo mzito kuliko yote ulikuja na UKIMWI. Mwezi wa Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi aliutangaza kuwa janga la taifa. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2007 ulionyesha kwamba nchini kote watu kama 7 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hata 64 walikuwa na virusi, lakini katika mkoa wa Nyanza walikuwa kama 15. Nyumba nyingi za ziwani zilibaki na nyanya na wajukuu tu. Wakati huo wodi zilijaa, na wauguzi waliwahudumia jirani zao, na pengine ndugu zao wenyewe. Dawa za kupunguza nguvu za virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali ya Serikali ya Homa Bay mwaka 2001, kwa msaada wa Madaktari Wasio na Mipaka, na baada ya hapo zikaenea katika hospitali nyingine. Watu waliokuwa wakiandaliwa kufa waliondoka kitandani wakarudi kulima. Waliouona mgeuko huo hawahitaji kuhubiriwa faida ya hospitali.

Jambo jingine lililowasumbua watu ni fedha. Katika miaka ya kwanza ya uhuru Serikali iliondoa ada za matibabu. Mwezi wa Desemba 1989 ikaanza utaratibu wa kuchangia gharama, na mkulima akaona kwamba mlango ulio wazi nao una bei. Mgonjwa alikaa nyumbani akitumaini kwamba homa itapita, hata ikawa amechelewa. Mwezi wa Juni 2013 ada ziliondolewa katika zahanati na vituo vya afya, na huduma ya uzazi ikafanywa bure katika hospitali za umma.

Tarehe 13 Desemba 2018 likatokea jambo ambalo wazee walilitazama kwa makini. Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa Rais wa kwanza, alifika Kisumu kuzindua jaribio la matibabu bila malipo katika kaunti nne: Kisumu, Nyeri, Machakos na Isiolo. Mwezi wa Machi wa mwaka ule alikuwa amepeana mkono na Raila Odinga, mwana wa Jaramogi. Miaka 49 ilikuwa imepita tangu baba zao walipozozana mbele ya hospitali mpya, na sasa mtoto wa mmoja alikuja katika mji ule ule kwa habari ile ile ya kuwatibu watu. Hapakuwa na risasi. Hilo halikuwafufua waliokufa mwaka 1969, wala halikufuta machozi ya waliobaki. Lakini lilionyesha kwamba mji waweza kumpokea mgeni wake kwa amani bila kuwasahau wafu wake. Jaribio lenyewe halikudumu, na tangu Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii imechukua mahali pa mfuko wa zamani wa bima ulioanzishwa mwaka 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na mkulima naye hutakiwa kutoa fungu lake.

Watu wengine wakiona foleni ndefu au wakikosa dawa husema kwamba hospitali za zamani zilikuwa bora. Pengine wana sababu ya kunung'unika. Lakini yafaa wajiulize hospitali ni nini. Tangu tarehe 5 Desemba 2016 hata tarehe 14 Machi 2017 madaktari wa hospitali za umma nchini kote waligoma siku 100, wakidai Serikali itimize mapatano yake nao. Baadaye katika mwaka ule wa 2017 wauguzi nao wakagoma miezi mitano. Kuta zilikuwapo, vitanda vilikuwapo, hata kibao kilikuwapo, lakini hospitali haikuwapo. Hapo kila mtu aliona kwamba Wasovieti walitoa nyumba tu. Hospitali yenyewe ni yule muuguzi akeshaye, mfagiaji aoshaye sakafu, fundi wa maabara atazamaye damu, karani aandikaye jina sawasawa ili mgonjwa mmoja asipewe dawa ya mwingine. Zawadi ya mgeni hutolewa mara moja. Zawadi ya wenyeji hutolewa kila siku, asubuhi na usiku.

Kwa hiyo swali la nani mwenye Russia lina jibu. Si mali ya nchi iliyoijenga, wala si mali ya Rais aliyeifungua, wala si mali ya kiongozi ambaye jina lake liko langoni, ingawa kila mmoja ana sehemu yake katika habari zake. Ni mali ya watu walioendelea kuingia baada ya siku ile ya Oktoba, na ya waliobaki kuwahudumia. Walioilipia kwa kodi wameilipia, na waliokufa barabarani wakati wa kufunguliwa kwake wameilipia kwa bei ambayo haikupasa kulipwa na mtu yeyote.

Basi mwenye mali huitunza. Mtu asiende Russia kwa jipu dogo ambalo zahanati ya kwao yaweza kulitumbua, kwa maana akifanya hivyo amkalia mahali mgonjwa mahututi. Wala asingoje hata mtoto apoe mikononi ndipo atafute matatu, kwa kuwa asiyeziba ufa hujenga ukuta. Kadi ya kliniki na ihifadhiwe kavu pamoja na hati za shamba. Kijana mwenye afya na atoe damu, maana damu haiuzwi dukani, na mtoto wa sikoseli hawezi kungoja. Na wanaoshika fedha za umma wakumbuke kwamba kila shilingi inayopotea njiani ilikuwa dawa ya mtu.

Katika habari za nchi yetu yako majengo mengi yaliyofunguliwa kwa ngoma na hotuba, ambayo hivi leo ni makao ya popo. Hospitali ile ya Kisumu ilifunguliwa kwa kilio, lakini taa zake huwaka usiku kucha, na asubuhi watu hujipanga langoni kwa utaratibu, kila mmoja na karatasi yake mkononi.